Vipindi vinne siku ya Noeli

Siku ya Noeli mwaka 2009, kituo cha televisheni cha Fox huko Marekani kilipitisha vipindi vinne vipya vya komedia 'Til Death, kimoja nyuma ya kingine. Nani hukaa siku hiyo kungojea komedia iliyokwisha kuchokwa?

Ilianza 2006, na Brad Garrett na Joely Fisher wakicheza mume na mke. Msimu wa tatu, 2008, watazamaji walipungua hadi Fox ikaiondoa kwenye ratiba, vipindi vilivyobaki vikafungiwa. Ilionekana imekufa. Lakini Sony, mtengenezaji wake, ilipunguza bei ili Fox ikubali msimu wa nne. Haikuwa huruma: komedia yenye vipindi 80 hivi huweza kuuzwa kwa vituo vingine, virudie kuionyesha kila siku.

Basi Fox ikajazia nayo mashimo ya ratiba. Vipindi vilivyofungiwa vilichanganywa na vipya, na hapo mtazamaji mwaminifu ndiye aliyeteseka. Allison, binti wa familia, alichezwa na waigizaji wanne kwa zamu. Wiki hii ana sura hii, wiki ijayo nyingine. Waandishi wakaanza kufanya utani na hali yenyewe: mkwe, Doug, akaamini kwamba anaishi ndani ya komedia. Ajabu ni kwamba hapo ndipo ilipochekesha kweli, wakati wachache tu wanaiona.

Iliisha Juni 2010, ikiwa na vipindi 81. Vilitosha kupelekwa sokoni.