Upote Uliolegezwa

Wengi hudhani kwamba upote wa upinde huchakaa kwa kupigwa. Mzee mmoja wa Ifakara, mwenye upinde aliorithi kwa baba yake, haikubali dhana hiyo. Kwa maoni yake, upote hufia nyumbani, katika siku ambazo hakuna anayeutumia, hakuna anayeutazama, na mwenyewe amekwisha kusahau kuwa anao.

Nyumba yake iko upande wa mji unaoelekea mtoni. Bonde la Kilombero, lililo baina ya milima ya Udzungwa na nyanda za Mahenge, ni nchi ya maji. Masika yakishika, mto hufurika na kuzigeuza mbuga kuwa ziwa. Kiangazi kikirejea, udongo ule ule hupasuka. Upote wa kano hauwezi kustahimili mageuzi hayo pasipo kusaidiwa. Ukano hunywa unyevu, ukalainika na kurefuka. Ukiwekwa karibu na jiko, hukauka mno, ukawa mgumu, na siku ya kuvutwa hukatika kama kijiti. Tena kuna panya, kwani kwa panya ukano ni nyama tu.

Zamani upinde ulikuwa na kazi katika bonde hili. Mwaka 1926 Mwingereza A. G. O. Hodgson alichapisha makala juu ya mila za uwindaji za Wandamba, wakazi wa kando ya mto huo, na wakulima wa mpunga walikesha juu ya madungu wakiyalinda mashamba na nguruwe na viboko. Baba wa mzee huyu alikuwa mmojawapo. Leo bonde ni eneo la ardhioevu lenye hadhi ya kimataifa, tangu mwaka 2002, na ni miongoni mwa makao makubwa ya swala aitwaye sheshe. Na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kuwinda pasipo kibali. Mzee hana ugomvi na sheria hiyo. Upinde wake haujapiga kitu kwa miaka mingi. Hata hivyo anautunza kama kwamba kesho atauhitaji.

Upinde hukaa ukutani ukiwa umenyooka, upote umevuliwa. Kila mvua kubwa inapokwisha, mzee huutoa upote mkobani na kuupitisha polepole baina ya kidole gumba na kidole cha shahada, akitafuta mahali ambapo nyuzi zimeinuka. Kisha huchukua bonge la nta ya nyuki, akaupaka, halafu akausugua kwa kipande cha ngozi hadi vuguvugu la msuguano liiyeyushe nta na kuipenyeza ndani. Mafuta ya kupikia hayatumii, maana hayo huwaita panya. Mahali pawili hupaangalia zaidi: kwenye vidato vya ncha za upinde, ambavyo huvilainisha ili visiule upote kwa makali yao, na katikati, panapokaa mshale, ambapo amezungushia uzi wa pamba. Uzi huo ukichakaa huufungua na kuzungushia mwingine. Kichakae kilicho rahisi, husema, kibaki kilicho ghali.

Elimu hii si ya Kilombero peke yake. Wareno wa Francisco de Almeida, walipozishambulia Kilwa na Mombasa mwaka 1505, miongoni mwa silaha zao walikuwa na pinde za mtambo, zile zinazolazwa juu ya gogo la mti na kufyatuliwa kama bunduki. Upote wa upinde wa namna hiyo huchakaa upesi kuliko wa upinde wa mkono, kwa kuwa hulisugua gogo kila unapofyatuliwa. Hadi leo, ingawa nyuzi zake sasa hutengenezwa viwandani, wenye pinde hizo huusiwa mambo yale yale: watie nta, waukague upote kabla ya kuuvuta, wala wasiufyatue pasipo mshale. Mshale huondoka na nguvu ya upinde. Usipokuwapo, nguvu hiyo huurudia upinde wenyewe na upote wake.

Likizo moja ya Aprili, mjukuu wake anayesoma Dar es Salaam alikuja kumjulia hali. Mzee aliposhuka sokoni, kijana aliutia upinde upote, akauvuta, akauachia. Asubuhi ya pili mzee aliukuta ukutani, umekazwa bado, na mvua ya usiku kucha ilikuwa imeingiza ukungu hadi chumbani. Katikati ya upote nyuzi mbili zilikuwa zimekatika.

“Uliupiga bila mshale?”

“Ndiyo, babu. Mara tatu. Nilitaka kusikia sauti yake. Nisamehe.”

“Na usiku ukauacha umekazwa.”

Kijana aliinamisha kichwa. Alingoja kukaripiwa, lakini babu yake aliketi tu, upote ukiwa magotini mwake, na kwa muda mrefu hakusema neno. Kisha alimweleza jambo ambalo hakuwahi kumweleza mtu. Upote ule ulisokotwa na kaka yake, aliyekwisha kufariki. Kaka alimwita zaidi ya mara moja aketi ajifunze, naye kila mara alijibu, kesho. Kesho hizo zilikwisha. Yeye alijua kuutunza upote, kuusokota hakujua. Nta yote ile, ukaguzi wote ule, ulikuwa uangalifu, lakini ulikuwa pia khofu ya mtu mwenye kitu kimoja asichoweza kukirudisha.

Waliomshauri atie mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki alikuwa akiwajibu kwa methali: ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa. Siku hiyo hakuitamka. Aliitisha kisu, akaukata uzi wa pamba, akaanza kuufumua upote wa kaka yake, mjukuu akihesabu. Ulikuwa wa ncha tatu. Kila ncha ilisokotwa kuelekea kulia, kisha zote tatu zikasokotwa pamoja kuelekea kushoto, kila moja ikimzuia mwenzake asifumuke.

Kesho yake walinunua kano za ng'ombe kwa mchinjaji. Walizianika juani kila mvua ilipotulia, wakazigonga kwa jiwe mpaka zikachanika nyuzi nyuzi, wakazilowesha, wakasokota. Upote wa kwanza ulikatika. Wa pili ulifumuka. Wa tatu ulishika, ingawa ulikuwa na uvimbe katikati, kama nyoka aliyemeza chura.

Mzee aliutia nta, akautia upindeni, akauvuta hadi nusu na kuurudisha taratibu, bila kuuachia. Kisha alimpa mjukuu wake. Kijana aliuinamisha upinde kwa goti, akauvua upote, akaukunja, akautia mkobani kando ya nyuzi za ule wa zamani, na upinde akauning'iniza ukutani ukiwa umenyooka.