Acha Ujumbe Baada ya Mlio

Ukitaka kujua nyumba ya Waswahili London miaka ya tisini ilimwogopa nani, ungepiga simu wakati wenyewe wametoka. Ansafoni ingekwambia. Kwetu Forest Gate, tulikopanga vijana wa Tanga na Unguja pamoja na Mmombasa mmoja, salamu ilianza kwa Kiingereza kilichonyooka: samahani, hatuwezi kuja kwenye simu sasa hivi, tafadhali acha jina na namba yako. Kiswahili kilifuata mkiani, maneno machache, halafu mlio.

Mpangilio huo ulikuwa na sababu zake. Waliopiga kwa Kiingereza walikuwa mwenye nyumba, karani wa chuo, watu wa halmashauri, na zaidi ya wote wakala wa vibarua. Wakala hasubiri. Akikosa jibu la kueleweka, zamu ya usiku anapewa anayekufuata kwenye orodha. Mtu wa nyumbani haendi popote, basi akawekwa nyuma, ilhali kati ya wote hao ndiye aliyelipa kwa uchungu zaidi.

Maana kupiga simu Ulaya ilikuwa safari. Hata baada ya TTCL kutenganishwa na Posta mwaka 1994, watu waliendelea kusema wanakwenda posta kupiga simu. Unavaa, unapanga foleni, unaandika namba kwenye karatasi, unangoja kuitwa kwenye kibanda. Na saa zenyewe hazikusaidia: saa tisa alasiri ya Tanga ni saa sita mchana London wakati wa baridi, watu wote wako kazini. Pesa zinaanza kuhesabiwa simu inapopokelewa, na mtambo haujui aliyepokea ni mwanao au ni kaseti. Kiingereza chetu kile cha adabu kilikuwa kinakula sukari ya watu.

Kurekodi kwenyewe kulikuwa shughuli. Mashine inawekwa juu ya zulia, televisheni inazimwa, anayekohoa anatolewa nje. Mmombasa alikabidhiwa Kiingereza kwa sababu matamshi yake yaliwaridhisha makarani. Tulikuwa tumeonywa, kama walivyoonywa wakazi wengi wa London, kwamba mtu asitamke kuwa hayupo nyumbani, wezi wanasikiliza. Ndiyo maana ya ile “hatuwezi kuja kwenye simu”. Lakini mwambie mkubwa wako kwa Kiswahili kwamba upo, ila huwezi kuja kuongea naye, uone. Kwa hiyo kwa Kiswahili tulisema ukweli kuwa hatupo. Mwizi aliyejua Kiswahili alikuwa amekaribishwa.

Kisha ukazuka ugomvi wa salamu. Hujui anayepiga ni nani, mkubwa au mdogo, na shikamoo haitupwi hewani imwangukie yeyote. Mwenzetu mmoja alitaka twende moja kwa moja kwenye maelezo, akaambiwa huko ni kulelewa na mbwa mwitu. Tukaishia kwenye “Assalamu alaykum”, inayomfaa kila anayepiga kutoka kwetu. Hatukuwa tumepiga hesabu kwamba salamu hiyo inaitikiwa. Shangazi yangu aliitikia yote, mpaka rehema na baraka, akauliza hali, akanyamaza kungoja zamu yake. Mashine nayo ikaendelea kusema juu ya maneno yake. Kwa kuwa kaseti haikunasa chochote kabla ya mlio, tuliporudi jioni na kukuta taa nyekundu inapepesa, tulichosikia ni mkia wa ugomvi: “…nakwambia mpe simu mwanangu!” na mlango wa kibanda ukifungwa.

Wenye kulaumiwa zaidi walikuwa wale waliorekodi kwa sauti ya redio. Nyumbani, Kiswahili kilichotoka London ndani ya chombo kilikuwa kimoja tu, cha BBC, kilichoanza kurushwa 1957 na ambacho miaka hiyo kilitangazwa kutoka Bush House pale Aldwych. Kijana wa Unguja alipoona ni zamu yake, alitengeneza koo akatangaza kama anasoma habari za jioni. Shangazi akaeleza mtaa mzima kwamba amelipia simu ya mwanawe akaunganishwa na Idhaa ya Kiswahili.

Na salamu haikudumu, kwa sababu namba zenyewe hazikudumu. Tuliingia nyumba ile ikiwa na 081, msimbo uliozaliwa Mei 1990 London ilipogawanywa mara mbili. Jumapili ya Pasaka, tarehe 16 Aprili 1995, ikageuka 0181. Aprili 2000 ikawa 020, na ile nane ikahamia mwanzo wa namba. Hatukuhama hata mlango, lakini kila mara ilibidi turekodi upya na kuandika barua nyumbani, ambako namba ilikuwa imeandikwa kwa kalamu nyuma ya mlango wa kabati. Huko walihisi tunahamahama kwa madeni.

Simu za mkononi zilipoenea Tanzania tulidhani shida imekwisha. Ikaja ya kubipu. Kubipu kunataka jambo moja tu, simu isipokelewe, na ansafoni kazi yake ni kupokea. Ya kwetu ilikuwa na ujanja wa kiwandani: ikiwa haina ujumbe mpya inalia mara nne kabla ya kupokea, ikiwa nao inapokea baada ya mbili, ili mwenyewe akipiga kutoka nje ajue kama kuna habari bila kutumia senti. Waingereza waliona ni kubana matumizi. Binamu yangu aliyezoea kukata baada ya mlio wa tatu alinaswa siku ambayo wakala wa vibarua alishatangulia kuacha ujumbe. Vocha yote ikaisha akisikiliza Kiingereza cha Mmombasa.

Wasafiri walituletea pia kaseti za kawaida kutoka nyumbani, watu wakizungumza kama wanasoma barua, salamu kwa majina, mmoja mmoja. Hizo zimehifadhiwa mpaka leo. Kaseti ndogo ya ansafoni ilifutwa kila ilipojaa, tupate nafasi ya wakala. Sasa naona tulihifadhi sauti zilizovaa nguo za sikukuu, tukafuta zile za jikoni: shangazi akigombana na chombo, kuku nyuma yake, karani akimhimiza amalize.

Leo yule mashine wetu angeonekana mpole. Afrika Mashariki nzima inamsikiliza bibie anayesema mteja hapatikani kwa sasa, na Kenya neno hilo limeshakuwa hali ya mtu: fulani ni mteja. Hapa Uingereza, mtandao wa zamani wa simu za waya umepangiwa kuzimwa mwisho wa Januari 2027. Vijana wa ile nyumba tuna simu mfukoni, na sidhani kuna aliyerekodi salamu yake mwenyewe. Nikipiga nisipopokelewa, ninakata.

Shangazi hakati. WhatsApp iliwapa watu ujumbe wa sauti mwaka 2013, naye hutuma wa dakika nne nne, anasalimia, anaitikia mwenyewe kwa niaba yetu, kisha anaingia kwenye habari. Mwaka 2021 kikaongezwa kitufe cha kuharakisha, na wanangu wanamsikiliza kwa kasi mara mbili. Niliwagombeza kwamba hiyo si adabu kwa bibi yenu. Wakanionyesha alichowajibu walipomwuliza. Kumbe na yeye za kwao anazikimbiza hivyo hivyo. Anasema Kiswahili cha watoto wa London kinachelewa kufika.