Wavulana Wetu na Mbwa Porini

Ifikapo Juni huku kwetu Ugogo, uwele ukiwa ghalani na shule zimefungwa, wavulana hupigia mbwa mluzi, wakachukua marungu na manati, wakapotelea porini. Wanafuata sungura, kanga na digidigi. Sisi akina mama hubaki tukitwanga, masikio yako njiani.

Mwaka huu mmoja wao alirudi amebebwa. Walikuwa wamemfukuza ngiri mpaka shimoni, kijana akainama kuchungulia. Ngiri alitoka kwa kasi na kumpasua paja. Amepona, tunamshukuru Mungu, lakini jioni ile tulikaa na baba zao tukazungumza.

Kwanza tuliwaeleza wazi kwamba pori lina sheria. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kuwinda bila kibali, na nyama hiyo ikikutwa jikoni, mama mwenye chungu ndiye atakayeulizwa kwanza. Wenzetu wanaoishi jirani na Pori la Akiba la Swagaswaga wanalijua jambo hili vizuri kuliko sisi. Kwa hiyo digidigi basi. Vijana walinuna! Hatukuwalaumu, kijana mwenye mbwa hodari hapendi kukaa bure. Tukawapa kazi ya kuamia ndege, maana kwelea kwelea wakishuka shambani hawabakizi kitu, na ngiri nao wafukuzwe kwa makelele, si kwa kufuatwa.

Hata huko shambani hakuna kwenda peke yako. Manati haielekezwi kwa mtu. Mkono hauingii shimoni wala chini ya jiwe, kwani bafe hulala kimya na hakimbii mtu akimkaribia. Moto wa kufukuzia wanyama ni marufuku. Mzoga haushikwi hata ukionekana mnono, kwa ajili ya kimeta.

Lakini kinachotutia hofu zaidi ni mbwa wenyewe. Hung'atana na mbweha, kisha hurudi kulamba watoto. Kichaa cha mbwa dalili zake zikishaonekana, mtu haponi. Aliyeng'atwa aoshwe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo kwa sindano, hata kama jeraha ni dogo. Mganga wa majani asubiri.

Mbwa wetu wamekwisha kuchanjwa. Wavulana wenyewe ndio waliowavuta kwa kamba hadi kwa bwana mifugo, wakibishana njia nzima ni yupi atakayelia.