Dereva Anapomweleza Tajiri

Nilipokuwa naendesha lori la mtu, kazi yangu ilikuwa na mpaka. Breki zikianza kulia nilimpigia tajiri simu, naye alijibu kama wanavyojibu wengi: "Malizia kwanza safari hii." Mimi nilikuwa nimesema, yaliyobaki yalikuwa yake. Tangu ninunue lori langu na kuliendesha mwenyewe, dereva na tajiri wamo ndani ya mtu mmoja, na hapo ndipo ninapoiona hatari ya kweli ya kazi hii. Dereva anasikia mlio, tajiri anapiga hesabu, na tajiri akimnyamazisha dereva hakuna shahidi.

Barabarani tajiri ndiye mwenye nguvu. Nikitoka Kongo na shaba, foleni ya Kasumbalesa imekwisha kula siku, Nakonde na Tunduma nazo zinadai zao, marejesho ya mkopo hayajui foleni, na pesa ya dizeli imetoka zamani kabla ya malipo ya mzigo kuingia. Katika hali hiyo mtu hujiambia mambo mengi. Hujiambia kwamba mlio ule ulikuwepo tangu mwaka jana. Hujiambia kwamba hewa imeshuka usiku kwa sababu ya baridi ya Makambako. Kwa hiyo naweka daftari ndani ya kichwa cha lori, na kila anachosikia dereva kinaandikwa papo hapo, pamoja na mahali kiliposikika: usukani ulivuta kushoto baada ya Mafinga, geji ya hewa ilikuwa chini asubuhi, Ilula. Njiani sibishani na daftari. Nalifungua nyumbani Kibaha, mzigo ukishashushwa, gari likiwa tupu na limepoa. Huo ndio wakati pekee ambapo dereva anaweza kusema hadi mwisho bila kukatizwa.

Naanza na breki, kwa sababu ya Kitonga. Anayetoka Iringa kuja Dar es Salaam anaushuka mlima ule na kona zake, na mimi huushuka nikiwa na tani 30 hivi za shaba. Lori la ekseli sita kama langu kikomo chake kwenye mizani ni tani 50. Ukilishusha gari la uzito huo kwa kukanyaga breki mfululizo, dramu zinapata moto, na chuma kikipata moto kinatanuka. Dramu inatanuka na kuzikimbia laini za breki, hivyo fimbo inayosukumwa na chemba ya hewa inalazimika kwenda mbali zaidi ndipo breki ishike. Breki ambayo uani ilionekana imelegea kidogo tu, pale mlimani inafika mwisho wa mwendo wake, mguu uko sakafuni na gari halisikii. Kinachomshusha mtu Kitonga ni gia ndogo na breki ya injini, ndiyo, lakini siku utakayozihitaji breki za magurudumu hutapata nafasi ya kuzipima kwanza.

Basi nakwamisha tairi kwa magogo, naachia breki ya mkono, utingo anakanyaga, na mimi nimelala chini na rula. Napima mwendo wa fimbo gurudumu kwa gurudumu, nikilinganisha kushoto na kulia. Tela langu lina slaki, vile vifaa vya kurekebisha mwendo wa fimbo, zinazojikaza zenyewe. Wapo mafundi watakaokushauri, ukikuta moja imelegea, uikaze kwa spana uende zako. Siafiki kabisa. Kifaa kinachojikaza chenyewe kikikutwa kimelegea, ujue kuna kitu kimekizuia: pengine chenyewe kimekufa, pengine pini zimelika, pengine bushi zimekwisha. Kukikaza kwa mkono na kuondoka ni kulipa gurudumu jibu lile lile la tajiri, malizia kwanza safari hii. Halafu tunazima injini, breki ikiwa imekanyagwa, tunanyamaza kusikiliza hewa inavujia wapi. Mitungi ya hewa naifungua chini itoe uchafu wake. Maji hayanishtui sana; mafuta mengi yakitoka, kompresa imeanza kuchoka na nitaanza kuitafutia pesa.

Oili, filta, taa, grisi ya sahani ambapo kichwa kinaungana na tela, hayo kila fundi anayajua. Tairi ndizo zinazonichukua muda. Ziko 22, na ishirini kati yake zimepangwa mbili mbili. Ya nje kila mtu anaiona. Ya ndani ikipungua upepo, mwenzake anabeba mzigo wa wawili na kwa macho gari limesimama sawa, mpaka siku ile ya nje inapopasuka na watu wanasema tairi ile ilikuwa mbovu. Ndiyo maana nazipima zote kwa geji, asubuhi, kabla jua halijazipasha.

Nikiwa nimeinama kwenye zile za ndani humfikiria mke wangu. Mimi nikiwa njiani, ada ya shule ni yake, msiba wa jirani ni wake, mtoto mwenye homa saa nane za usiku ni wake, na nikipiga simu ananiambia salama. Amesimama sawa. Siku za nyumbani ndizo za kuuliza kwa subira mpaka jibu la pili lije, maana la kwanza ni lile la simu.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi wenye magari yao. Matengenezo yakizidi muda, wao huchukua siku za familia, kwa kuwa familia haitozi faini ya kuchelewa. Mimi nimeamua asubuhi ni za lori, na baada ya adhuhuri ni za nyumba, pamoja na kupima presha yangu mwenyewe zahanati. Kazi ikibaki, inayosogezwa mbele ni safari. Nawezana na hilo kwa sababu kila malipo ya mzigo yakiingia, fungu la lori linatengwa kwanza, kabla sijanunua chochote. Bila fungu hilo daftari lingekuwa orodha ya huzuni tu: dereva angesema yote, na tajiri angekuwa na haki ya kujibu kwamba hana.

Juzi wakala alipiga simu wakati dramu mbili ziko chini. Mzigo wa Lubumbashi, wa haraka, bei nzuri. Nilimwambia keshokutwa. Akasema atampa mwingine, akampa. Ulipatikana mwingine wiki hiyo hiyo, bei yake ndogo kidogo, na nitaondoka nao alfajiri. Chalinze nitasimama, kama kilomita 100 kutoka bandarini, nikaze upya nati za magurudumu yaliyofunguliwa, kwa sababu gurudumu lililorudishwa hukaa vizuri likishatembea na mzigo, na nati hulegea. Utingo ameshaambiwa aweke spana ya magurudumu juu, isiwe chini ya turubai.