Ngoma Iliyomzika Baba

Wahenga walilonga kuwa damu ni nzito kuliko maji. Swali langu ni hili: timu ya mpira nayo ni damu au ni maji? Hapa shuleni ukisema wewe ni shabiki wa kandanda, utaulizwa papo hapo, "Arsenal ama Man U?" Siku niliyojibu "Ingwe", darasa zima liliangua kicheko. Jamaa mmoja wa dawati la nyuma akapaza sauti, "Hao walishinda ligi lini, msee?"

Jibu ninalo. AFC Leopards ilitwaa ligi ya Kenya mara ya mwisho mwaka wa 1998. Mimi nilizaliwa 2009. Kwa hivyo, ndugu msomaji, hadi ninapoandika makala haya mwaka wa 2025, sijawahi kuona timu yangu ikiwa bingwa wa ligi. Chama chetu cha Kiswahili kimenipa nafasi hii, nami nataka kueleza kwa nini bado mimi ni Ingwe, na kwa nini karibu niache.

Baba yangu alizaliwa Shinyalu, Kakamega. Alikuja Nairobi mwaka wa 1997 akiwa na miaka kumi na tisa, akapata kibarua katika godauni moja huko Indastria. Alipanga chumba cha mabati hapa Mukuru kwa Reuben ili aende kazini kwa miguu, asile nauli. Mwaka uliofuata Ingwe ikachukua ligi. Alinisimulia ushindi ule mara nyingi hata nikawa kama niliuona kwa macho yangu.

Kutoka kwake nilijua kuwa timu ilianzishwa mwaka wa 1964 ikiitwa Abaluhya, ikabadilishwa jina na kuwa AFC Leopards mwaka wa 1980, na kwamba ilishinda kombe la vilabu vya Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, 1982, 1983 na 1984. Alinieleza habari za Joe Kadenge, ambaye enzi zake Leonard Mambo Mbotela alikuwa akimtangaza redioni, "Kadenge na mpira!" Jioni mama akipakua, baba angeinua bakuli na kuiga sauti ya Mbotela: "Kadenge na ugali! Kadenge na sukuma wiki!" Tulicheka hadi machozi. Kadenge alipofariki Julai 2019, baba alikaa nje mlangoni na redio yake mapajani, hakuongea hadi usiku.

Redio hiyo ndiyo iliyokuwa mali yetu kubwa. Jumapili akiwa hana zamu, aliitafutia nyimbo za zamani. Aliwapenda Daudi Kabaka na George Mukabi wa Kisa, yule bingwa wa gitaa la omutibo aliyeuawa mwaka wa 1963. Katika omutibo mapigo huwekwa kwa kugonga chupa ya Fanta. Basi baba naye alichukua chupa tupu na kijiko, akagonga ting-ting, ting-ting, mama akifua nje na kulalamika kuwa kichwa kinamuuma, lakini mabega yake yakicheza.

Sasa nije kwa Shemeji. Huyu ni jirani yetu, Mluo, fundi wa viatu karibu na steji. Yeye ni Gor Mahia damu damu. Mechi ya Ingwe na Gor huitwa mechi ya mashemeji, maana Waluhya na Waluo wameoana tangu zamani. Baba na huyu jirani hawakuwa wameoleana, ila waliitana "shemeji" miaka nenda miaka rudi hata watoto tukalishika jina hilo. Siku ya mechi walitembea pamoja kutoka Mukuru, wakashika barabara ya Enterprise hadi Uwanja wa Nyayo, mmoja amevaa kijani, mwingine buluu na nyeupe. Langoni waliagana kama watu wanaoenda vitani. Aliyeshindwa alinunua chapati na madondo jioni. Nakiri kuwa baba alinunua mara nyingi zaidi.

Nilikuwa mdogo baba aliponibeba mabegani mara ya kwanza. Mpira sikuuelewa. Kilichoniingia ni isukuti. Ngoma hizi huenda tatu pamoja, kubwa, ya kati na ndogo, zikiambatana na pembe na njuga. Ni ngoma za Waisukha na Waidakho, watu wa kwetu, na mwaka wa 2014 UNESCO iliziweka katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Pale jukwaani hakuna aliyekuwa akiwaza UNESCO. Ngoma ilipopigwa nilihisi mgongo wa baba ukitetemeka chini yangu, nami nikatetemeka naye. Tangu siku hiyo kwangu mpira ulikuwa ngoma kwanza, mabao baadaye.

Septemba 2023, nikiwa Kidato cha Kwanza, baba aliugua. Tulidhani ni malaria tu. Wiki tatu baadaye hakuwa nasi. Sitaandika mengi hapa. Aliyefiwa anajua, na ambaye hajafiwa namwombea asijue upesi.

Nitaandika kuhusu daftari. Shemeji alinunua daftari la kurasa 32, akapiga mstari katikati ya kila ukurasa. Upande mmoja akaandika "Ingwe", upande wa pili "Gor", akazunguka nalo mtaani akichanga pesa za mazishi. Kwa mabishano ya nani atatoa zaidi, pesa za basi zikapatikana kwa siku nne. Nilipoliangalia daftari lile baadaye, niliona Gor wamewashinda Ingwe kwa shilingi mia mbili na hamsini. Shemeji akaniambia, "Hata hapa baba yako amenunua chapati." Nilicheka na kulia kwa wakati mmoja.

Kule Shinyalu isukuti ilipigwa. Kwa kwetu ngoma hii haichagui. Hupigwa mtoto akizaliwa, hupigwa harusini, hupigwa matangani, na mapigo ninayoyajua ya Nyayo ndiyo yaliyomsindikiza baba hadi kaburini. Watu walicheza kwa heshima yake. Mimi nilisimama kama mti. Niliona kana kwamba nimedanganywa. Ngoma yangu ya furaha, kumbe ilikuwa ikijua siku zote kuwa itakuja kumchukua!

Tuliporudi Nairobi sikutaka kuisikia tena. Mama alinipa jezi ya baba, akasema, "Hii ni ya kijana." Niliikunja nikaisukuma chini ya godoro. Jumapili vijana wa Ingwe wakipita na ngoma kuelekea uwanjani, nilijifunika blanketi masikioni. Ndipo nikaanza kusema kuwa mimi ni Arsenal. Sababu sikumwambia mtu, leo naitoa hadharani: Arsenal haina isukuti. Ikishindwa, hakuna aliyezikwa.

Aprili 2024 mvua kubwa ilinyesha na mto Ngong ukafurika usiku. Maji yaliingia kwetu hadi magotini. Mama alibeba mdogo wangu na mfuko wa vyeti, mimi nikabeba godoro kichwani. Redio ya baba ilikwenda na maji. Tulilala sakafuni kwa Shemeji, upande wa juu, usiku tatu. Asubuhi ya kwanza nilirudi kutafuta chochote, nikaikuta jezi imenasa kwenye mguu wa kitanda, nyeusi kwa matope. Mama aliifua mara tatu. Mistari myeupe haijawa myeupe tena. Kwa miezi mingi hicho ndicho kitu pekee cha baba kilichobaki ndani ya nyumba, na mwenyewe nilikuwa nikikificha!

Siku iliyonirudisha ni tarehe 3 Agosti 2025. Kenya ilicheza na Kongo huko Kasarani katika michuano ya CHAN. Tiketi hatukuwa nayo. Shemeji alinigongea mlango: "Kijana, leo si Gor wala Ingwe. Vaa viatu." Tukaenda kwenye kibanda cha video, tukalipa, tukabanana kama dagaa. Kabla tu ya mapumziko, Austin Odhiambo akafunga. Odhiambo, mchezaji wa Gor! Nilijikuta nimemrukia Shemeji shingoni nikipiga mayowe. Kibanda karibu kianguke.

Mechi ilikwisha 1-0. Nje watoto walikuwa wakipiga mitungi ya maji. Walikuwa wakiharibu mapigo, nami nikashindwa kuvumilia. Nikachukua mtungi mmoja, nikakaa juu ya jiwe, nikapiga isukuti vile nilivyoisikia mgongoni mwa baba. Watu wakaanza kucheza. Machozi yalinitoka lakini mikono haikusimama. Shemeji alivua kofia yake ya kijani, akacheza mbele yangu mabega yakienda kama ya Mluhya aliyezaliwa Kakamega.

Siku hiyo nilitambua kuwa ngoma haikumchukua baba. Ilimsindikiza tu, kama ilivyomsindikiza kila Jumapili ya mechi.

Tarehe 22 mwezi huo huo Kenya ilitolewa na Madagaska kwa penalti. Wenzangu waliokuwa kibandani walilia. Mimi niliwafariji. Shabiki wa Ingwe hafundishwi kushindwa.

Kuna methali tuliyojifunza darasani: mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Wahenga mniwie radhi, lakini mimi nimemwona mla nasi chapati, asiye wa damu yetu wala wa timu yetu, akitubeba. Na nikirudi kwa swali langu la mwanzo, naona timu si damu na si maji. Ni njia ambayo baba alinishika mkono akanipitisha. Hata akiwa hayupo, njia bado ipo, na nikiipita namkuta.

Kwa hivyo, wewe wa dawati la nyuma, cheka ukishiba. Mechi ijayo ya mashemeji nitavaa jezi yenye mistari ya rangi ya matope, nitembee na Shemeji hadi langoni, tuagane. Nimeshaanza kuweka akiba ya chapati.