Barua ya Kidato cha Kwanza



Januari hapa Tukuyu ni mwezi wa mvua na matope, nao ndio mwezi ambao watoto waliochaguliwa huingia kidato cha kwanza. Mwaka huu alinijia mama mmoja baada ya sala ya Alasiri, akavua viatu mlangoni pa madrasa, mkononi ana barua ya binti yake. Walakin kabla sijasimulia aliloniambia, sina budi niungame kosa langu.

Mimi nilimaliza darasa la saba katika miaka ya themanini. Siku zile kuipata sekondari kulikuwa kama kuokota lulu: katika darasa letu zima alichaguliwa mmoja, nasi wengine tukarudi kwenye migomba na chai. Nikashika msahafu, nikasomeshwa, hata nikawa mwalimu. Simlaumu mtu. Shule zilikuwa chache, na hapa Rungwe skuli zilikuja na wamisionari wa Moravian tangu 1891, basi baadhi ya wazee wetu waliziogopa, wakidhani aingiaye humo atatoka na dini nyingine.

Kisha mambo yakageuka. Mwaka 2004 Serikali ilianza mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari, na kata zikahimizwa kujenga shule zao. Tulibeba mawe na mchanga, wake kwa waume, Waislamu na Wakristo. Mwaka 2003 wanafunzi wa sekondari nchi nzima hawakutimia laki nne. Mwaka 2010 walipindukia milioni moja na nusu. Ni kweli kwamba madarasa mengi hayakuwa na maabara wala mwalimu wa hesabu, na mtihani wa kidato cha nne wa 2012 ulitutia huzuni, kwani zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja sifuri. Hata hivyo mlango ulikuwa umefunguliwa.

Katika mwaka 2007 alinijia mzee mmoja. Binti yake alikuwa msomaji bora kuliko wote katika madrasa yangu, wavulana wakiwemo, na alikuwa amechaguliwa. Ada ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, mbali na sare na michango, na njia yapita katikati ya mashamba ya chai. Akaniuliza, "Maalim, nimpeleke au nimwoze?"

Nikamjibu kuwa msichana amekwisha soma vya kutosha, njia ni ndefu na fitna ni nyingi. Nilisema hayo nikijiona mchamungu, ilhali moyoni mlikuwa na jingine: binti yule ndiye aliyenisaidia kuwasomesha wadogo, nami sikutaka kumpoteza, maana sekondari humrudisha mtoto jioni. Mimi ninayewafundisha watoto kila siku kwamba wahyi wa kwanza ulikuwa amri ya kusoma! Baba akanisikiliza. Mwaka haukwisha, akaozwa.

Tangu hapo nimeona mengi. Jirani zetu wa Kenya waliondoa karo ya masomo katika sekondari za kutwa mwaka 2008, na mwaka 2018 wakaamuru kila amalizaye shule ya msingi aendelee. Kwetu ada iliondolewa hadi kidato cha nne mwaka 2016, na mwaka 2022 hadi cha sita. Tarehe 1 Julai 2020 Benki ya Dunia ikatuhesabu katika nchi za kipato cha kati. Baba wa leo hawezi tena kunijia na hoja ya ada, ingawa daftari, sare na chakula bado humtoa jasho.

Basi mama yule wa Januari ndiye binti yule wa 2007. Alinisalimu kwa adabu, kisha akasema, "Maalim, barua hii sikuileta ili uniambie aende au asiende. Atakwenda. Nimekuja kukuuliza darasa lake la Kurani litakuwa saa ngapi."

Sikuwa na jibu. Tangu enzi za mwalimu wangu tumesoma saa tisa alasiri, na saa hiyo mwanafunzi wa sekondari yungali darasani. Nikasema baada ya Magharibi. Akanikumbusha kuwa njia ni ya giza. Hatimaye tukakubaliana Jumamosi na Jumapili asubuhi.

Sasa darasa hilo lina wasichana tisa, wengine huja na vitabu vya fizikia kwapani. Mama naye huketi nyuma yao. Ameanza pale pale alipoishia.