Gemu ya kaseti na ngalawa ya Ushongo

Likizo ya Juni ilipoanza, mvuvi mmoja wa Ushongo, wilayani Pangani, alimwambia mwanawe wa miaka 11 kwamba muda wa kushinda ufukweni akikimbizana na wenzake umekwisha. Kesho yake alfajiri angeingia ngalawani, ashike kamba ya demani, ajifunze kazi. Mtoto alifurahi mno. Mama yake anasema siku hiyo si yeye aliyemwamsha mtoto, bali mtoto ndiye aliyemwamsha yeye.

Lakini Juni ni wakati wa kusi. Walipokwisha kuyapita maji madogo upepo ukapiga ghafla, na baba akapaza sauti: "Legeza! Legeza demani!" Mtoto akavuta. Ndubi ya upande mmoja ikazama, ngalawa ikapinduka, na mtoto akajikuta chini ya tanga. Hakukaa humo muda mrefu, baba yake alimfikia na kumtoa. Hakuna aliyeumia, na kwa kuwa nyavu zilikuwa bado hazijatupwa, hata hasara haikuwa kubwa.

Kilichoumiza kilitokea baadaye, dikoni. Mbele ya wavuvi wenzake, na mbele ya watoto wanaosoma darasa moja na mwanawe, baba alisema kwamba mtoto yule ni mwoga na hajui hata tofauti ya kulegeza na kuvuta. Watu wakacheka. Mtoto akaondoka na nguo zake mbichi, hakusema neno. Mwezi huo hakurudi dikoni, wala mwezi uliofuata. Baba alipomwita, alisema tumbo linauma. Siku nyingine alikuwa na kazi ya shule. Ngalawa ikaendelea kutoka alfajiri na mtu mmoja.

Wakati huohuo mjomba wa mtoto, anayefanya kazi Tanga mjini, alikuja kusalimia na kumletea zawadi: mashine ya gemu ya plastiki, ile ya kuchomeka kwenye TV, pamoja na kaseti moja ya njano. Wazazi waliokua miaka ya tisini wanazikumbuka kaseti hizo. Juu imeandikwa kwamba ndani mna gemu mamilioni, lakini ukifungua unakuta ni gemu chache zilezile zimerudiwa kwa majina tofauti. Moja ya hizo chache, karibu kila mara, ni Mario.

Mtoto akahamia hapo. Jioni baada ya jioni alikaa mkekani na pedi mkononi, na baba akazidi kukasirika. Alimwambia mkewe kwamba ile mashine ataitupa chooni. Mke akajibu, "Baba Watoto, kabla hujaitupa, kaa siku moja umtazame anavyocheza. Huyo unayemwita mwoga amekufa mara ishirini leo na bado anarudi."

Ilichukua siku kadhaa kabla hajakaa. Jioni moja upepo ulikuwa mkali, hakuna aliyetoka, naye hakuwa na pa kwenda. Akaketi nyuma ya mwanawe kwenye kigoda, akiwa amenuna, akatazama.

Gemu aliyokuwa akiitazama inaitwa Super Mario Bros. Ilitolewa nchini Japani mwaka 1985 na kampuni ya Nintendo, na waliobuni hatua zake ni Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka. Ina dunia nane, kila dunia hatua nne, jumla hatua 32, na zote hizo zilienea katika kilobaiti 40 tu. Picha moja inayotumwa leo kwa simu huzidi hapo mara nyingi. Nafasi ilikuwa ndogo kiasi kwamba mawingu na vichaka vimechorwa kwa mchoro uleule, rangi ndiyo iliyobadilishwa. Hapakuwa na mahali pa kuweka maelezo marefu ya jinsi ya kucheza, na hata yangekuwepo, mtoto wa Ushongo asingeyasoma kwa Kijapani.

Kwa hiyo gemu inafundisha kwa mpangilio wa vitu. Unapoanza, Mario amesimama upande wa kushoto wa kioo, anatazama kulia, na kulia kuko wazi. Hakuna aliyekuambia uende kulia, lakini unakwenda. Ukishakwenda, nyuma hakurudiki, kioo kinakataa. Kisha kinakuja kijitu cha kahawia, uso umekunjamana, kinatembea taratibu kukufuata. Yuko peke yake na nafasi ni kubwa. Usiporuka, unakufa, na unarudi mwanzo ambako ni hatua chache tu nyuma. Ukiruka vibaya ukamwangukia kichwani, anabonyea, nawe umejifunza jambo ambalo hukulikusudia.

Baba aliuliza, "Hilo tofali linalometameta ni la nini?"

"Ukiligonga kwa chini linatoa kitu, Baba."

"Nani kakwambia?"

"Hakuna. Linang'aa, nikaligonga."

Kilichotoka ni uyoga. Hapa pana ujanja ambao mzazi yeyote angefaa kuutazama kwa makini. Uyoga ule unafanana na yule adui wa kahawia, kwa hiyo mchezaji mgeni huukimbia. Lakini unateleza kwenda kulia, unagonga bomba lililosimama mbele, unageuka na kumrudia. Akijaribu kuuruka, kichwa kinagonga matofali yaliyopangwa juu, na mara nyingi anaangukia juu yake. Badala ya kufa, anakua mkubwa. Waliopanga mahali pale walimfikiria mtu mwenye hofu, wakahakikisha kwamba hata akikimbia, zawadi inamfikia.

Mambo mengine yalimpita baba haraka haraka: sarafu zilizopangwa hewani ambazo kwa kweli zinamwonyesha mchezaji aruke wapi, saa inayohesabu kurudi nyuma kutoka 400, muziki wa Koji Kondo unaokwenda mbio muda ukibaki chini ya 100. Hayo hayakumgusa. Alikaribia kusinzia.

Kilichomwamsha ni ngazi. Karibu na mwisho wa hatua ya kwanza kuna ngazi mbili za mawe zinazotazamana, moja ya kupanda na moja ya kushuka, na kati yake pana uwazi. Mtoto alipanda, akaruka, akakosea, akaanguka katikati. Baba akasema, "Basi, umekufa." Lakini mtoto hakufa. Chini palikuwa na ardhi. Akaruka tena, akatoka, akaendelea. Mbele kidogo zikaja ngazi nyingine mbili, umbo lilelile, uwazi uleule, ila safari hii katikati palikuwa na shimo la kweli. Mtoto akaruka bila kusita, akavuka.

"Rudi pale," baba akasema.

"Hakurudiki, Baba. Mpaka nianze upya."

"Anza upya."

Akaanza upya. Baba akasogeza kigoda. Walifika kwenye ngazi za kwanza, akamwambia aanguke makusudi, akaanguka, akatoka. Wakafika kwenye zile za pili. Baba akakaa kimya muda mrefu kuliko kawaida yake. Mama aliyekuwa akikaanga samaki nje anasema alidhani wamelala.

Miyamoto amewahi kueleza kwamba yeye na wenzake walizoea kutengeneza hatua za mbele kwanza, zile ngumu, kisha ndipo wanarudi kutengeneza ile ya mwanzo. Kwa haraka jambo hilo linaonekana la ajabu, lakini lina maana yake: hujui umfundishe nini mgeni mpaka umeshajua ni magumu gani yanamsubiri. Baba huyu wa Ushongo alikuwa na nusu ya kazi hiyo. Hatua za mbele alizijua zote: kusi na kaskazi, mikondo, miamba inayojificha maji yakijaa, njia ya kwenda Maziwe na kurudi usiku. Hatua ya kwanza ndiyo hakuwa nayo. Yeye mwenyewe alifundishwa kwa makofi na marehemu baba yake, tena katikati ya maji mengi, na aliamini kwamba bahari haina namna nyingine ya kufundishwa.

Isieleweke kwamba gemu ni mwalimu mwema kila mahali. Katika dunia ya nane gemu hiyohiyo inaondoa huruma yake. Hatua nyingi za kabla ya hapo, ukifa ukiwa umeshavuka nusu, unaanzia nusu. Kwenye dunia ya nane unarudi mwanzo kabisa wa hatua. Na mtoto akiachwa atakaa mbele ya TV mpaka usiku wa manane, maana kila kifo humwambia kwamba bado kidogo tu. Mama wa nyumba hii aliweka utaratibu wake: baada ya isha mashine inachomolewa, na hakuna mjadala.

Kuna tofauti nyingine, kubwa zaidi, na baba aliisema mwenyewe asubuhi iliyofuata wakati wa chai. "Mle una maisha matatu. Huku una moja." Mtoto akainamisha kichwa, akidhani ndiyo yale ya dikoni yanaanza tena. Baba akaendelea: "Ndiyo maana nilikosea mimi. Nilikupeleka penye shimo kabla ya penye ardhi."

Hakuomba radhi kwa maneno mengine zaidi ya hayo. Kwa baba wa aina yake, hayo yalikuwa mengi.

Walisubiri bamvua. Anayeijua Ushongo anajua jinsi maji yanavyokwenda mbali siku hizo, mchanga unabaki wazi, na penye maji yanafika magotini. Asubuhi, umande ukiwa bado unavuma kwa upole kutoka bara, baba aliisukuma ngalawa hadi kwenye maji ya magoti, akatweka tanga, akamkabidhi mwanawe demani. Yeye alibaki majini, ameshika ubavu wa chombo.

Kisha akamwambia jambo ambalo mtoto hakulitarajia: "Vuta. Vuta mpaka ipinduke."

Mtoto alimtazama.

"Vuta, nimekwambia."

Akavuta. Upepo ulikuwa mdogo, ikabidi baba ausaidie kwa kuegemea ndubi. Ngalawa ikainama polepole, ndubi ikaingia majini, tanga likalala, na mtoto akaanguka kwenye maji yasiyofika kiunoni. Akasimama. Mchanga ulikuwa palepale. Wakaiinua ngalawa, wakakumba maji, wakarudia. Mara ya nne mtoto aliuona mwenyewe ule wakati ndubi inapoanza kuzama, kabla ya chombo kuinama kabisa, akalegeza bila kuambiwa. Ngalawa ikakaa sawa. Baba hakusema kitu, ila wavuvi waliokuwa wakishona nyavu pwani wanasema alikuwa anacheka.

Siku iliyofuata walikwenda kwenye maji ya kiuno, halafu ya kifua. Hapo baba aliingia ngalawani. Siku ya tano upepo ulizidi kidogo, na baba akajisahau, akapaza sauti kama zamani. Mtoto akaganda, demani mkononi, kama siku ile ya Juni. Baba akaona. Akaushika usukani, akaielekeza ngalawa pwani hadi chini ikaonekana, akasema, "Haya, turudi hatua ya nyuma."

Bado hawajatoka nje ya miamba pamoja. Mtoto anatoka na baba yake siku za Jumamosi, upepo ukiwa wa wastani, na wanarudi kabla ya adhuhuri. Siku za upepo mkali hakwendi, na hakuna anayemwita mwoga. Mmoja wa wale waliocheka dikoni alimuuliza baba ni lini kijana atakwenda Maziwe. Alijibu kwamba hiyo ni dunia ya nane. Mwenzake hakuelewa.

Jioni, kabla ya isha, baba naye siku hizi hupewa pedi. Huwa anakufa kwa yule adui wa kwanza kabisa, jambo linalomfurahisha sana mwanawe. Mtoto naye hasongi mbele upesi, lakini kwa sababu nyingine. Katika gemu ile baadhi ya maadui ni kasa wanaotembea kwa miguu miwili, na njia ya kuwashinda ni kuwarukia mgongoni, kisha kulipiga teke gamba. Mtoto huyu amekulia kwenye ufukwe ambako mayai ya kasa huletwa kutoka Maziwe, ambako siku hizi ni fungu la mchanga linalofunikwa na maji, yakafukiwa upya Ushongo ili yaweze kuanguliwa. Amewahi kusimama na wenzake pembeni ya kamba, mikono nyuma, wakiangalia vitoto vya kasa vikijikokota kwenda majini, na kuambiwa kwamba hawaguswi.

"Mkanyage huyo, atakuua," baba alimwambia.

"Kasa hawakanyagwi, Baba."

Akamruka, akatua upande wa pili, akakosa alama zake. Kasa akaendelea na safari yake kushoto, akatoka nje ya kioo.

Amefika dunia ya pili. Mpaka Jumamosi iliyopita alikuwa hajamkanyaga hata mmoja.